Mto si Kilabu cha Pombe

Upo utalii wa aina moja ambao umeota mizizi katika mito mingi ya dunia, nao ulifika Afrika zamani. Mtalii hulipa nauli moja, hupandishwa botini jioni, hutembezwa mtoni kwa muda wa saa mbili hivi, na katika nauli hiyo hiyo hupewa bia, mvinyo na pombe kali kadiri apendavyo. Jua likizama hurudishwa gatini. Wenye biashara huiita safari ya machweo. Watalii wenyewe, ambao katika jambo hili husema kweli zaidi, huiita safari ya ulevi.

Napenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba sigombani na mtalii, sigombani na boti, wala sigombani na bia. Nagombana na kule kuvifunga vitu hivyo vitatu katika tiketi moja. Hoja yangu ni hii: pombe ikishatiwa ndani ya nauli, kinachouzwa si mto tena. Mto unakuwa ukuta wa baa. Na mto ukishakuwa ukuta wa baa, watu waliokaa kando yake vizazi hata vizazi wanakuwa wahudumu wa baa, na historia yao inakuwa kelele inayokatiza muziki.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, nikaendelea kwa basi kupitia Lusaka mpaka mji wa Livingstone, kusini kabisa mwa Zambia. Nilitaka kuyaona maporomoko ambayo ramani za wakoloni ziliyaita Victoria, na ambayo jina lake la Kikololo ni Mosi-oa-Tunya, yaani Moshi Uungurumao. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa neno la kwanza la jina hilo. Moshi ni moshi, kuanzia Pwani yetu mpaka Zambezi.

Wenyeji wangu, kwa ukarimu wao, walinikatia tiketi ya safari ya jioni mtoni, kilomita chache juu ya maporomoko. Bei ilitajwa kwa dola za Kimarekani. Tulikuwa abiria wapatao arobaini, wengi wao wageni kutoka nchi tajiri, na sisi Waafrika wachache tuliokaa nyuma karibu na meza ya vinywaji. Sijitii utawa: nami nilipewa bia, nikainywa, na ya pili nikaipokea.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa makamo, Mtonga kwa kabila, mwenye sauti ya upole. Alianza vizuri. Alitueleza kwamba mto huu huanzia katika vilima vya wilaya ya Ikelenge, ukaingia Angola, ukarudi Zambia, ukagusa mipaka ya Namibia na Botswana, ukatenganisha Zambia na Zimbabwe, kisha ukapita Msumbiji mpaka Bahari ya Hindi, safari ya zaidi ya kilomita 2,500. Alituonyesha viboko waliokuwa wakipumua kando ya kisiwa. Mpaka hapo watu walikuwa wakimsikiliza.

Baada ya nusu saa zikaja glasi za pili, na baada yake za tatu. Muziki ukafunguliwa. Yule bwana alikuwa ameanza kueleza jinsi watu wa kabila lake walivyohamishwa kutoka bondeni wakati wa ujenzi wa bwawa la Kariba. Pale pale tembo akaonekana akiogelea kuvuka kwenda kisiwani, mkonga juu ya maji. Ikatokea ghasia. Watu wakampa tembo mgongo ili wapigwe picha wakiwa wameinua glasi. Mwongozaji akangoja kimya kirefu. Alipoona hakuna anayegeuka, akakiacha kipaza sauti, akaenda kuchukua barafu.

Tulipofika gatini nilimfuata, nikamwomba animalizie habari ya Kariba. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo geni. Akasema, "Baba, humu botini hatuulizwi habari za mto. Tunaulizwa kama barafu ipo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu asemavyo habari ya mvua. Nikaona haya, maana nami wakati anaeleza nilikuwa nimeshika glasi.

Tulichokikosa

Hebu tutazame ni nini kilichozimwa na muziki ule.

Msafiri David Livingstone aliyaona maporomoko haya Novemba 1855. Vitabu vya shule za kikoloni vilimwita mvumbuzi. Lakini Livingstone hakufika pale kwa miujiza. Chifu Sekeletu wa Wakololo alimsindikiza, na makasia ya Waafrika waliokijua kila kijito na kila jiwe ndiyo yaliyompeleka kwa mtumbwi mpaka kisiwa kilicho ukingoni mwa shimo lile. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari fupi ya kutazama mandhari ambayo imeandikwa zaidi kuliko nyingine zote katika mto ule. Mtalii alikuwa Mzungu mmoja, na mwongozaji alikuwa Mwafrika. Mtalii alipofika kwao akatangaza kwamba amevumbua, akayapa maporomoko jina la malkia wake. Waongozaji hawakutajwa katika jina lolote.

Tofauti iliyopo kati ya mtalii yule na wa leo ni moja. Livingstone, pamoja na makosa yake yote, alimsikiliza mpiga kasia. Ndiyo maana alirudi na jina la Mosi-oa-Tunya katika maandishi yake, na ndiyo maana leo tunaweza kulidai. Mtalii wa leo amenunuliwa vinywaji ili asimsikilize mtu yeyote.

Endelea. Mwaka 1905 lilifunguliwa daraja la reli juu ya korongo la maporomoko. Cecil Rhodes, ambaye alikufa mwaka 1902 bila kuliona, alikuwa ameagiza lijengwe karibu kiasi cha kwamba manyunyu ya maporomoko yawarukie abiria ndani ya mabehewa. Reli ile ilikuwa ya kubebea mali na ya kutawalia watu, lakini hata hivyo beberu alikumbuka starehe ya abiria. Miaka mitano baadaye, mwaka 1910, mto ule ule ulitumiwa kwa shindano la dunia la kupiga makasia kati ya wanamichezo wa kizungu. Kwa hiyo desturi ya kuufanya Zambezi uwanja wa burudani ya mgeni, huku mwenyeji akibeba mizigo, si ya jana.

Juu ya daraja hilo hilo, mwezi Agosti 1975, lilisimamishwa behewa la treni katikati kabisa ya mpaka. Upande mmoja wa meza alikaa Ian Smith, upande wa pili wakakaa wajumbe wa wananchi wa Zimbabwe, na waliowakutanisha walikuwa Rais Kenneth Kaunda na John Vorster wa Afrika Kusini. Mazungumzo yale yalivunjika. Wazimbabwe walirudi vitani, na uhuru wao ulipatikana tarehe 18 Aprili 1980. Kabla ya hapo, Januari 1973, Smith alikuwa ameufunga mpaka huo ili kuinyonga Zambia. Sababu mojawapo kubwa ya kujengwa kwa TAZARA, kilomita 1,860 kutoka bandari ya Dar es Salaam, ilikuwa kuuvunja mnyororo huo. Mimi mwenyewe nilifika Zambezi kwa reli iliyojengwa kwa sababu ya Zambezi. Katika saa mbili za safari yetu jambo hilo halikutajwa, wala halingesikika kama lingetajwa.

Na ile habari ya Kariba, ambayo mwongozaji hakuimaliza, nilikwenda kuisoma mwenyewe. Bwawa lilijengwa kuanzia mwaka 1955 mpaka 1959, chini ya lile shirikisho la kikoloni la Rhodesia mbili na Nyasaland. Watonga wapatao 57,000, watu wanaojiita Basilwizi, yaani watu wa mto, waliondolewa katika makao yao pande zote mbili. Septemba 1958, katika kijiji cha Chifu Chipepo, wananchi walikataa kuhama, polisi wakafyatua risasi na kuwaua wanane. Wakati huo huo ilikuwa ikiendeshwa Operesheni Nuhu ya kuwaokoa wanyama wasizame, na maelfu ya wanyama waliokolewa. Dunia ikaisifu kazi ile. Wanyama wakapata sifa, na watu wakapata malori ya kuwahamisha. Umeme ukaenda migodini na mijini, na Watonga wengi wakaishi miongo mingi karibu na bwawa bila taa.

Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya Kariba yalipungua mno, na wananchi wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Hiyo nayo ni habari ya mto. Mtu anayelipa fedha nyingi kuja kuuona Zambezi anastahili kuisikia, na anayeishi kando yake anastahili isikike. Badala yake jina la mto na jina la maporomoko yamebandikwa kwenye chupa: ng'ambo ya Zambia iko bia iitwayo Mosi, na ng'ambo ya Zimbabwe iko bia iitwayo Zambezi. Mgeni anaondoka akiwa amelitamka jina la Mwafrika mara nyingi, kila mara akiagiza chupa nyingine.

Mahesabu ya nauli

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba biashara ni biashara. Vema. Tuzungumze biashara.

Mtu akenda baa hulipa kila glasi anayokunywa. Akinywa moja, analipa moja, na mfuko wake humwambia saa ya kuacha. Lakini mtu aliyekwisha kulipia vinywaji vyote kabla hajanywa hata kimoja yumo katika hali nyingine kabisa. Kila glasi asiyokunywa anaiona kuwa hasara. Muda wake ni saa mbili tu. Kwa hiyo hunywa haraka, hunywa zaidi ya kiu yake, na hutazama saa yake mara nyingi kuliko anavyoutazama mto. Mtu aliyelipia pipa hataki kuacha tone. Huo si udhaifu wa mtu fulani, ni tabia inayotengenezwa na tiketi yenyewe.

Tazama sasa upande wa mwenye boti. Nauli imekwisha kulipwa na haiwezi kuongezeka. Mafuta ya injini hayapunguki, na tozo za mto na hifadhi hazipunguki. Anapotafuta faida hubaki na mambo machache ya kubana: ubora wa kinywaji, idadi ya wafanyakazi, na ujira wao. Na katika wafanyakazi hao, ni nani wa kwanza kuonekana hana kazi? Si yule anayemimina. Ni yule anayeeleza. Kwani abiria aliyelewa halalamiki kwamba hakuambiwa habari za Sekeletu, ila hulalamika kwamba bia si baridi. Hivyo mwongozaji hupewa kazi ya pili ya kubeba sinia, na kazi ya pili huimeza ya kwanza.

Ndipo tufikie bakshishi. Mfanyakazi ambaye mshahara wake ni mdogo huishi kwa bakshishi, na bakshishi humfuata aliyejaza glasi. Baada ya miaka michache kijana mwenye akili hujifunza kwamba kuujua mto hakumpatii kitu, na kujua kuchanganya pombe kunampatia chakula cha watoto. Je, atajifunza kipi? Na babu yake akifa na majina ya visiwa, ni nani atakayeyarithi? Hapo ndipo ilipo hasara yangu kubwa katika biashara hii. Bia ikinywewa, kesho hutengenezwa nyingine. Maarifa ya mto yakikatika katika kizazi kimoja hayatengenezwi kiwandani.

Maji hayana mzaha

Liko jambo jingine ambalo wenye biashara hawapendi kulisikia, nalo ni usalama.

Zambezi ya juu ya maporomoko ni pana na huonekana tulivu, lakini ina viboko, ina mamba, na maji yake yote yanakwenda kwenye ukingo wenye upana wa mita 1,708 na kina cha zaidi ya mita 100. Katika mto wa namna hiyo abiria anatakiwa awe na akili timamu, ajue jaketi okozi liko wapi, na aweze kusikia amri ya nahodha. Tiketi yenye pombe isiyo na kipimo inamwandaa abiria kwa kinyume cha hayo yote matatu.

Wala tusidhani kwamba mto ulio katikati ya jiji kubwa una huruma zaidi. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, katika mto Thames mjini London, boti ya starehe iitwayo Marchioness, iliyobeba watu waliokuwa katika sherehe, iligongwa na meli ya kuchota mchanga ikazama, wakafa watu 51. Sisemi kwamba pombe ya abiria ndiyo iliyoizamisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba ulinzi wa kutazama mbele haukuwa wa kutosha katika vyombo vyote viwili. Ninachosema ni kwamba ajali huja kwa dakika moja, na katika dakika hiyo anayeokoka mara nyingi ni yule aliyekuwa macho.

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tuliwazika ndugu zetu wa MV Bukoba mwaka 1996. Tuliwazika watu 228 wa MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018. Wale walikuwa wasafiri wa kawaida, waendao sokoni na makwao, wala hapakuwa na safari ya starehe. Lakini taifa lililozika watu wengi namna hiyo lina haki ya kumwuliza kila mwenye chombo: unawapakiza watu wangapi, na unawarudisha wakiwa katika hali gani?

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba hakuna anayelazimishwa kunywa. Ni kweli. Lakini analazimishwa kulipa. Mwislamu, Mlokole, mama mjamzito, dereva atakayeendesha gari usiku, na mtu asiyependa pombe tu, wote wananunua pombe katika nauli yao, na wananunua soda yao kwa bei ya pombe ya jirani. Huo ni uhuru wa namna gani?

Hoja ya pili ni ajira. Wanasema ukiondoa vinywaji, watalii watakwenda kwingine na vijana watakosa kazi. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu tumbo la kijana wa Livingstone halishibi kwa makala ya gazeti. Lakini tujiulize: mgeni anatoka Ulaya au Marekani, anavuka bahari, anapita viwanja vya ndege vitatu, kwa ajili ya bia? Bia anayo nyumbani kwake, tena huenda akaipata kwa bei nafuu zaidi. Kisicho kwake ni Moshi Uungurumao, ni tembo anayeogelea, na ni mtu awezaye kumweleza habari za mahali hapo. Mfanyabiashara anayeamini kwamba bila bia mto wa Zambezi haununuliki amekwisha kuutukana mto kuliko nilivyomtukana yeye. Na hiyo ndiyo kasumba hasa: kukidharau kilicho chako mpaka ukikiuze kama nyongeza ya kitu cha mwenzako.

Hoja ya tatu ni kwamba mimi nawaonea wivu wanaostarehe. La hasha. Starehe ni haki ya mtu aliyefanya kazi, Mzungu kwa Mwafrika. Na kunywa pamoja si jambo geni kwa wazee wetu. Lakini kwao pombe ilikuwa na mahali pake na saa yake, tena mara nyingi ilitanguliwa na maneno: kutajwa kwa waliokufa, kupatanishwa kwa waliogombana, kuombwa kwa mvua. Wakoloni ndio walioigeuza pombe kuwa kitu cha kuwatuliza watu ili wasiulize. Katika miji ya Rhodesia halmashauri zilijenga vilabu vya pombe kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na faida yake ikatumika kuendesha mitaa ile ile ambayo Mwafrika hakuwa na sauti ndani yake. Mtu alikunywa akalipia ubaguzi wake mwenyewe. Tukilikumbuka hilo, hatutashangaa sana kuona pombe ikifanya kazi ya kunyamazisha habari mtoni.

Nasi Tanzania?

Msomaji anaweza kuuliza Zambezi inatuhusu nini. Inatuhusu. Maji ya Ruhuhu na Songwe huingia Ziwa Nyasa, hutoka kwa mto Shire, na hukutana na Zambezi huko Msumbiji. Ndiyo maana Tanzania ni mmoja wa washirika wanane wa mkataba wa mwaka 2004 ulioanzisha kamisheni ya bonde la Zambezi. Lakini hata tusingekuwa na tone letu ndani ya mto ule, jambo lenyewe liko mlangoni kwetu. Zanzibar majahazi ya machweo yenye vinywaji yamekuwapo kwa miaka mingi. Rufiji nako, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019, safari za boti kati ya viboko na mamba zinajulikana.

Swali la utalii si geni katika nchi hii. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha katika magazeti mjadala mkali juu ya utalii na ujamaa, na mjadala huo ulikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Mambo mengi yamebadilika tangu wakati huo, na nchi imechagua kuwakaribisha watalii kwa wingi. Sina nia ya kuufufua ugomvi wote ule. Lakini swali moja la vijana wale halijazeeka: mgeni anapokuja, sisi tunabaki nani?

Rufiji ina mengi ya kusema kuliko glasi yoyote. Katika eneo la Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya kuwaunganisha, na mwaka 1905, mwaka ule ule wa kufunguliwa kwa daraja la Zambezi, vita vya Maji Maji vikaanza katika vilima vya Matumbi. Katika delta ya mto huo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipata mwisho wake mwezi Julai 1915. Juu zaidi liko bwawa la umeme la Julius Nyerere, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na ambalo lina habari yake ya furaha na ya mabishano pia. Je, tunataka mwongozaji wa Rufiji ayajue hayo na asikilizwe, au tunataka ajue ilipo barafu?

Yapasayo kufanywa

Kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya mvivu. Kwa hiyo napendekeza mambo manne, kwao Zambezi na kwetu Rufiji, ziwani na Pwani.

Kwanza, pombe itolewe ndani ya nauli. Nauli iwe ya chombo, ya mwongozaji na ya mto. Atakaye bia ailipie kwa chupa, na kama inawezekana ainywe gatini baada ya safari, akiwa amekaa kwenye ardhi isiyotikisika. Mwenye boti hatapoteza biashara, ataihamishia nchi kavu tu.

Pili, mwongozaji atambuliwe kuwa mtaalamu. Alipwe mshahara wa kazi ya kueleza, na asipewe sinia. Wazee wa kando ya mto waulizwe, na wanayoyajua yaandikwe, yafundishwe kwa vijana wanaotaka kazi hiyo.

Tatu, kila chombo kieleze usalama kabla ya kung'oa nanga, kila abiria avae jaketi okozi, na nahodha awe na mamlaka ya kumkataa mtu aliyelewa bila kuogopa kupoteza kazi yake.

Nne, asubuhi, wakati boti hizi zinapokaa bila kazi zikingoja machweo, wachukuliwe watoto wa shule za jirani watembezwe mtoni. Wako watoto wanaokulia kilomita chache kutoka Mosi-oa-Tunya, na wako wanaokulia kando ya Rufiji, ambao mto wanaujua kwa ndoo na kwa hofu ya mamba, lakini hawajapata kuutazama kutoka katikati kama wageni wanavyoutazama kila jioni. Gharama yake ni mafuta ya saa moja. Mwenye boti anayepata riziki kwa mto wa watu hawezi kusema kwamba gharama hiyo inamshinda.

Yule bwana wa Kitonga, nilipoagana naye, aliniuliza kama kwetu pia watu huhamishwa kwa ajili ya mabwawa. Nilimweleza ninayoyajua. Tukasimama gatini karibu saa nzima tukizungumza, mpaka mlinzi akaja kutuambia kwamba wanafunga. Katika safari ile yote, mazungumzo yale ndiyo niliyoyafuata kutoka Dar es Salaam, nayo hayakuwamo ndani ya nauli.